Mkanda wa Kina Mama

Fomu ilikuwa na mistari minne ya kujaza wasifu wa kazi, na Zamda binti Abasi akaona hata mmoja unamshinda. Aliandika: "Mchoraji, duka la video la Mehboob, Arusha, 1993 hadi sasa." Kisha akabaki anatafuna kalamu. Aongeze nini? Kwamba alianza kwa kumshikia makopo ya rangi baba yake, Mzee Abasi mchora vibao wa Daraja Mbili, ambaye nusu ya ng'ombe waliochorwa juu ya milango ya mabucha ya mji ule ni wa mkono wake? Kwamba tangu ana miaka kumi na sita Levolosi nzima ilikuwa ikimwita kwenda kuwapaka maharusi hina? Wale watu wa Dar es Salaam hawakuwa wanatafuta mpakaji hina. Walikuwa wanatafuta mtu wa kuchora kwa kompyuta, mtu wa kuufanya mchoro utembee.

Tangazo lenyewe lilitoka gazetini mwishoni mwa Julai 1998. Kampuni moja ya matangazo ya televisheni ilihitaji mchoraji mmoja. Atakayepatikana angepelekwa Bombay mwaka mzima kusomea katuni, akirudi apewe meza yake, kompyuta yake, na jina lake liandikwe chini ya kazi yake. Usaili ungefanyika Arusha, hotelini, baada ya wiki mbili. Mwombaji aje na mkanda wa video wenye kazi alizofanya.

Zamda aliitaka nafasi ile mpaka usingizi ukamruka. Alikuwa na miaka ishirini na sita, amechora miaka mitano mfululizo, na katika mji mzima, nje ya duka na vyumba vya kina mama, hakuna mtu aliyejua kwamba anachora. Walijua anashika kamera. "Yule binti wa Mehboob," ndivyo walivyomwita, kana kwamba Mzee Abasi hakumzaa.

Mwenyewe Mehboob alikuwa mtu wa picha tangu babu yake, na duka lao lilikuwa limepiga picha za pasipoti za watu waliokwisha kufa zamani. Enzi ya ruksa ilipofungua milango, bidhaa zikaanza kumiminika kutoka Dubai, kila mwenye nafasi akanunua deki ya video, na ghafla harusi isiyopigwa video ikawa si harusi. Mehboob akanunua kamera mbili. Moja akampa Shabbir, mtoto wa dada yake, apige upande wa wanaume. Upande wa wanawake ukamkwamisha. Mle ndani watu wamevua mabaibui, wamefungua nywele, wanacheza wanavyotaka. Nani atamruhusu mwanamume aingie na kamera? Ndipo akamtafuta binti. Akamfundisha Zamda kazi ya kamera mchana mmoja, kati ya sala ya adhuhuri na alasiri, akamwambia nenda.

Na akaweka sharti, ambalo ndilo lililomtajirisha. Mkanda wa kina mama unatengenezwa mmoja tu. Siku ya kuuchukua, mama wa bibi harusi anakuja dukani mwenyewe, anakalishwa kwenye stuli, anapewa soda, anatazama kwa macho yake ule mkanda wa kamera ukifutwa. Baadaye, kompyuta ilipokuja, na disketi zake nazo zikawa zinafutwa mbele yake. Mama anaondoka na kaseti yake kwapani, moyo mweupe. Kwa utaratibu huo Mehboob alipata wateja mpaka Moshi na Babati. "Siri za wanawake kwangu ziko salama," alikuwa akijisifu, huku anayefuta ni Zamda, na anachokifuta ni kazi yake mwenyewe.

Kompyuta ililetwa na shemeji yake Mehboob kutoka Uingereza mwaka tisini na tatu, kuukuu, imekwaruzwa, kwa ajili ya kuandika majina ya maharusi. Shabbir aliigusa mara mbili akachoka. Zamda akakaa nayo na kitabu chake cha maelekezo kwenye paja moja na kamusi kwenye paja jingine. Baada ya miezi mitatu akagundua kwamba akichora ua moja mara thelathini, kila mara akilibadilisha kidogo tu, kisha akazipitisha zile picha haraka haraka, ua linafunguka. Alipiga ukelele mpaka Mehboob akakimbilia swichi kubwa, akidhani umeme umemshika mtoto wa watu.

Tangu siku hiyo mikanda yote ya duka lile ilianza na mkono wa Zamda. Ya wanaume aliifanyia Mlima Meru wenye wingu linalojifunua polepole, kisha jina la bwana harusi linachomoza kileleni. Kulipata wingu lile alipanda Momela Jumapili tatu na daftari, akakaa tangu asubuhi akitazama jinsi ukungu unavyouachia mlima. Mara ya kwanza aliupenda mchoro ule sana. Lakini kila bwana harusi akataka wingu lile lile, na kufikia la arobaini Zamda hakutaka hata kulisikia. "Takataka," alimwambia Shabbir. "Nikipata nafasi nitalitupa."

Mwisho wa mikanda hiyo ya wanaume palihitajika jina. Mehboob alisema jina la binti likionekana kwenye mkanda wa wanaume watu wataanza maneno, kwa hiyo iandikwe "Kamera na michoro: Shabbir", yaishe. Zamda aliandika. Tena hakuandika hivi hivi. Alizipamba herufi zile, akazifanya zije moja moja zikizunguka, kwa sababu hakujua kufanya kazi mbaya kwa makusudi. Kwenye mikanda ya kina mama hapakuwa na jina la mtu yeyote.

Ila kwenye ile ya kina mama ndiko alikomaliza ufundi wake wote. Huko wenye mali walikuwa wanawake wenzake, walijua kutazama, na walishindana. Na aliyewashinda wote alikuwa Bi Swabaha, muuza vitambaa wa karibu na soko kuu, alipomwoza binti yake Zakia mwaka tisini na sita. "Nataka kitu ambacho hakuna mtoto wa mtu amefanyiwa," alisema. Zamda akampiga Zakia picha akiwa amekaa, kichwa wazi, mikono wazi mpaka mabegani, anacheka. Akaziingiza picha zile kwenye kompyuta na kuanza kuchora juu yake, moja baada ya moja, kwa miezi minne. Hina ilianzia kwenye ncha ya kidole cha shahada, ikatambaa kama inavyotambaa kweli chini ya mkono wa mpakaji, ikapanda kiganja, kiwiko, bega, ikaingia kwenye nywele, na nywele zikawa asumini zinazofunguka, Zakia akicheka muda wote. Picha mia nne, sekunde arobaini. Siku ya kina mama kuutazama, kabla haujachukuliwa, vigelegele vilipasua bati. Wiki iliyofuata Bi Swabaha alikaa kwenye stuli, akanywa soda yake, na Zamda akaifuta ile miezi minne mbele yake, disketi moja baada ya nyingine. Kabla ya hapo mama alikuwa amemwapisha: mwanamume asiuone. Akaapa.

Sasa usaili ulikuwa unakuja na hana hata sekunde moja ya kuonyesha. Kutengeneza kitu kipya kwa wiki mbili haikuwezekana; Agosti ilikuwa ya harusi na kompyuta haikupumua. Ya wanaume ilikuwa tele, nakala zimezagaa kila nyumba, lakini aende Bombay kwa wingu? Hapo ndipo kiburi kilipomponza, na mwenyewe alikuja kukiri baadaye. Alitaka waone kile anachokiweza. Kwa hiyo akafunga kilemba chake vizuri, akatoka kwenda kuomba mikanda ya kina mama aliyowatengenezea.

Nyumba ya kwanza, Levolosi, mvua za El Nino zilikuwa zimeingia kabatini na ule mkanda umeota ukungu kama mkate wa wiki. Nyumba ya pili, kijana wa mwenye nyumba alikuwa amerekodia mechi za Kombe la Dunia juu yake. Waliuweka kwenye deki, na pale lilipokuwa ua la Zamda palitokea mtu anapiga kona. Mama wa nyumba hiyo alicheka sana. Zamda naye alicheka, kwa adabu, roho inamuuma.

Kwa Bi Swabaha alikwenda jioni.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Karibu, kaa. Baba hajambo?"

Chai ililetwa, kalimati zikaletwa. Zamda akaeleza shida yake yote. Bi Swabaha alimsikiliza mpaka mwisho, akaweka kikombe chini.

"Mwanangu, sisi tulikuchagua wewe kwa sababu hutoi kitu nje. Leo unataka ukitoe?"

"Ni sekunde arobaini tu mama. Ni kazi yangu."

"Ni mwanangu yule," alisema Bi Swabaha. "Kunywa chai, inapoa."

Zamda alikunywa chai ile ikamshuka kama maji ya chumvi. Yeye ndiye aliyewapamba, yeye ndiye aliyewafanya wapigiane vigelegele, na walimwona kama kabati la kufungia siri, basi. Alitoka pale amejaa hasira na wanawake wote wa Arusha.

Lakini mkanda wenyewe haukuwa kwa mama. Zakia alikuwa ameondoka nao kwenda kwa mumewe, Iqbal, fundi wa redio na mafriji, nyumba za nyuma ya stendi. Zamda akamfuata huko asubuhi, Iqbal akiwa kazini. Zakia alikuwa amekonda. Alimsikiliza akiwa amesimama mlangoni, mtoto kiunoni, kisha akaingia ndani na kutoka na kaseti iliyofungwa kwenye mfuko wa nailoni.

"Chukua."

"Wallahi Zakia, mwanamume hatauona. Nitaongea nao. Nitaomba wanawake tu."

Zakia alimtazama kidogo, kama mtu anayetaka kusema jambo. "Haya," alisema, akafunga mlango.

Siku ya usaili watu tisa walikaa kwenye korido ya hoteli, na mmoja wao alikuwa Shabbir. Zamda alimwona ameshika kaseti, shati jipya, nywele zimelainishwa kwa mafuta.

"Wewe unafanya nini hapa?"

"Kama wewe, dada Zamda." Alikuwa kijana asiye na ubaya, na hilo ndilo lililokuwa baya zaidi. "Si kila mtu anajaribu bahati yake?"

"Umeleta nini?"

Shabbir alitazama viatu vyake. "Ule wa wingu. Nilidhani hulitaki. Si ulisema takataka? Na mwishoni jina ni langu, dada, uliliandika wewe."

Kila alichosema kilikuwa kweli. Wakamwita Shabbir. Alikaa humo nusu saa, akatoka anatabasamu.

Zamda alipoingia alikuta watu wanne nyuma ya meza ndefu, wanaume watatu na mwanamke mmoja, na televisheni kubwa na deki yake pembeni. Mwenyekiti alikuwa Bwana Sumari, Mmeru aliyehamia Dar es Salaam zamani na kunenepea huko. Mwanamke aliitwa Evaresta, wa miaka arobaini hivi, mwenye miwani na kalamu tatu.

"Binti," alisema Sumari, "ametoka hapa kijana wa mjini kwenu, ametuonyesha Mlima Meru una wingu linalofunuka. Mimi nimezaliwa chini ya mlima ule, na nakwambia, wingu ni lile lile. Sasa wewe tuonyeshe lako."

"Lile wingu nimelichora mimi."

Wakatazamana. Sumari akaivuta karatasi yake. "Mbona jina ni la Shabbir? Kamera na michoro. Tumelisoma wote."

"Na jina lake nimeliandika mimi."

Mmoja wa wale wanaume alicheka puani. Zamda alisikia masikio yake yanapata moto. Akaeleza habari ya mikanda ya wanaume na mikanda ya kina mama, habari ya kufuta, habari ya stuli na soda. Kadiri alivyoeleza ndivyo alivyoonekana mtu wa hadithi. Mwishoni akatoa ule mfuko wa nailoni kwenye mkoba.

"Ninao mkanda mmoja hapa. Atakayeuona atajua wingu ni la nani, mkono ni mmoja. Lakini ni wa kina mama, bibi harusi yuko kichwa wazi. Nimeapa. Naomba mama huyu autazame peke yake."

"Hii ni kamati," alisema Sumari, "si unyagoni."

Evaresta aliinuka kabla hawajamaliza kucheka. "Nipe, mwanangu. Meneja ana deki ofisini."

Alikaa huko dakika kumi. Sekunde arobaini kwa dakika kumi. Alikuwa amerudia na kurudia. Aliporudi hakukaa. Aliurudisha mkanda mikononi mwa Zamda kwa mikono yake miwili, akavua miwani akaipangusa.

"Mpeni huyu," aliwaambia wenzake. "Yule kijana arudi nyumbani. Sijaona kitu kama hiki hapa nchini, na hata Nairobi sijakiona."

"Mama Evaresta, utaratibu unaujua," alisema Sumari. "Kila mjumbe anatoa alama kwa alichokiona. Mimi sitoi alama kwa kusimuliwa." Kisha akamgeukia Zamda, na sauti yake haikuwa na ukali, ilikuwa sauti ya mtu anayetaka kusaidia. "Binti, uweke hapo kwenye deki. Dakika moja. Sisi ni wageni, kesho tunaondoka, huyo bibi harusi hatumjui na hatutamkumbuka. Tukiona, nafasi ni yako. Nakuahidi mbele ya hawa."

Deki ilikuwa hatua tatu kutoka alipokaa, taa yake nyekundu inawaka. Zamda aliushika mkanda ule na kuhesabu hatua. Hakuna ambaye angejua. Aliiona Bombay. Aliliona jina lake, Zamda Abasi, herufi nyeupe chini ya picha, linasomwa na watu asiowajua. Halafu akamwona Zakia akicheka na kichwa chake wazi, akicheka kwa sababu aliyekuwa nyuma ya kamera ni mwanamke mwenzake. Akaurudisha mkanda kwenye mfuko.

"Siwezi."

"Basi," alisema Sumari, akaandika.

Evaresta alimpa kumi kati ya kumi. Wale watatu walimpa sifuri, kila mmoja, kwa kuwa hawakuona kitu. Shabbir alipata saba kwa wote wanne. Evaresta mwenyewe ndiye aliyemwambia hayo kwenye korido, macho mekundu, akaongeza: "Umenikasirisha na umenishinda. Ningekuwa mimi ningeuweka." Zamda alimshukuru. Alijisikia msafi na mtupu, kama sufuria iliyosuguliwa na mchanga, na njia nzima alijiambia kwamba angalau limebaki neno lake.

Alikwenda moja kwa moja kwa Zakia kuurudisha mkanda. Zakia alikuwa anafua uani. Alipanguza povu mikononi.

"Wamekupa?"

"Hawakunipa. Walitaka kuutazama, wanaume, nikakataa. Walining'ang'ania, Zakia, waliniahidi nafasi pale pale, nikakataa. Hakuna mwanamume aliyekuona."

Alisema hivyo na kungojea. Alitaka kushukuriwa, baada ya siku kama ile alidhani anastahili hilo. Zakia alikaa juu ya ndoo iliyogeuzwa, akaanza kucheka, lakini halikuwa lile cheko la kwenye mkanda.

"Ungewaonyesha tu, Zamda."

"Nini?"

"Ungewaonyesha. Iqbal alishautoa nakala tangu mwaka wa kwanza. Si fundi? Aliwapa rafiki zake, rafiki zake wakawapa wenzao. Wanautazama huko gereji Ijumaa wakitoka msikitini, mama zao na dada zao wamo humo wanacheza. Daraja Mbili nzima imeniona. Mama hajui, na usimwambie. Ile siku ulipoapa pale mlangoni nilitaka kukwambia. Nikaona haya."

Zamda alikalia ukingo wa karo la kufulia. Maji yalimlowesha gauni wala hakuyasikia. Miaka miwili, gereji, wanaume ishirini, labda hamsini. Bombay imekwenda na Shabbir, na siri aliyoilinda kwa gharama hiyo imezagaa kuliko mikanda ya wingu. Lilipomjia swali aliliona aibu, akaliuliza hivyo hivyo, kwa sauti ndogo.

"Na mwanzo wake, Zakia? Ile hina? Walisemaje?"

Zakia alimwangalia kwa huruma, na huruma ile ilikuwa mbaya kuliko sifuri zote tatu.

"Pale mwanzo huwa wanaupeleka mkanda mbele," alisema, "mpaka kwenye ngoma."